Bendera ya Bibi na Mwiko wa Halua

Wiki iliyopita nilipeleka gari gereji kule Rashidiya, mtaa wa hapa Dubai nilikolelewa, nikakaa kungoja mbele ya televisheni. Habari zilikuwa za Marekani. Watu wazima na suti zao walikuwa wakigombania bendera ya yale majimbo yaliyopigana zamani ili yaendelee kumiliki watumwa. Wengine wanataka ipepee mbele ya jengo la serikali kwa kuwa ni kumbukumbu ya wazee wao. Wengine wanasema wapitao hapo nao wana wazee wao. Mlinzi wa gereji, kijana wa Kikenya, akanigeukia. "Madam, si hii vita iliisha kitambo? Mbona bado wanateta?"

Nikatazama simu, penye ujumbe uliokuwa ukiningoja tangu asubuhi. Binamu zangu wanapanga mkusanyiko wa Idi bustanini, na wanataka nilete bendera ya Bibi waitundike. Wewe hukumjua Bibi, basi ngoja nikuhadithie.

Bibi aliondoka Unguja baada ya mapinduzi na sanduku moja. Ndani yake, katikati ya kanga, alikuwa amekunja bendera nyekundu tupu ya enzi ya Sultani. Babu alikuwa karani wa forodhani, na ndiye aliyekuwa akiipandisha kila asubuhi. Kwa Bibi ile haikuwa siasa. Ilikuwa mume wake, na nyumba waliyoiacha na kahawa bado ya moto. Akiianika uani, sisi watoto tulikatazwa kuigusa kwa mikono ya mafuta.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzanzibari pia, aliyeletwa Dubai na ndoa. Ndiye aliyenifunza kusuka ukili, na kula ubuyu bila kuchafua nguo. Nyanya yake mzaa mama alinunuliwa sokoni akiwa mtoto, akapelekwa shamba la karafuu la watu wa ukoo kama wetu. Hilo tulilijua sote na hakuna aliyelitaja.

Kila Idi, yeye na Bibi walipika halua uani kwetu. Kama hujawahi kuipika, halua ni kazi ya watu wawili. Wanga ukishaingia kwenye sukari inayochemka, mwiko hausimami mpaka samli ianze kujitenga pembeni. Mmoja akichoka, mwenzake anaupokea humo humo. Walipokezana hivyo miaka na miaka, wakisengenya na kucheka mpaka ushungi unadondoka, mtaa mzima ukinukia hiliki.

Mwaka mmoja, wanaume walishikilia kwamba safari hii bendera itundikwe bustanini, mahali pa watu wote. Mwalimu wetu wa madrasa alipinga. Alisema huwezi kumwalika mtu kisha ukamkaribisha kwa kitu kinachomchoma. Mjadala ukatoka majlisi, sebule ya wanaume, ukaingia uani, penye sufuria la halua. Jirani, mwiko mkononi, akasema taratibu, "Mwenzangu, ndani kwako itundike utakavyo. Kule bustanini nitakaa chini yake na wajukuu zangu. Niwaambie nini?"

Bibi alikuwa na hasira za karibu. "Waambie ndiyo kwao," akasema. "Mkataa kwao mtumwa."

Methali hiyo tunaitupa kila siku, hata kwa mtoto anayekataa wali wa nyumbani. Bibi ilimtoka kwa mazoea, naapa. Lakini ilikuwa imeshamtoka. Jirani aliuegemeza mwiko ukingoni mwa sufuria, akafunga kanga yake vizuri. "Mwenye kovu usidhani kapoa," akasema, akatoka kwa mlango wa uani.

Bibi akaushika mwiko peke yake na hakuita mtu. Nilimwona akilia, ingawa alisema ni moshi. Halua ikashika chini, ikaungua, tukaimwaga.

Siku ya Idi, wanaume walipokuja kuchukua bendera, walimkuta amelikalia sanduku. "Haitoki," akasema. Bustanini alitandika mkeka mkubwa, akaacha nafasi upande wake wa kulia. Nilipojaribu kuikalia nilinyanyuliwa. Jirani hakuja.

Idi iliyofuata aligonga mlango wa uani na mfuko wa lozi. Bibi akamsogezea kigoda, akampa mwiko. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno, na mpaka leo jambo hilo linanikera kidogo. Ila methali ile sikumsikia Bibi akiisema tena, na aliyeisema mbele yake alikatwa kauli. Bibi alipofariki, jirani ndiye aliyemwosha.

Naye ametangulia sasa. Nyumba zetu zote mbili zimevunjwa, na ule ua nilipotoka gereji sikuweza hata kukisia ulikuwa upande gani. Halua tunanunua dukani, kwenye vikopo vya plastiki, na watoto wetu wanaikata kwa uma. Bendera ninayo nyumbani Al Warqa, kwenye sanduku lile lile, bado inanukia udi. Naipenda, sitakuficha.

Binamu nimewajibu kwamba bendera haitoki, nitaleta halua. Wanga nimeshanunua, na samli, na zafarani. Wa kunipokea mwiko ndiye sina.