Kikombe cha Asubuhi, Sinia la Mchana

Tulialikwa harusi Koboko, na safari hii Mama hakuwa na pa kukwepea. Tulipokimbilia Kongo baada ya vita, yeye akiwa hoi kwa homa, Bi Hawa, Mnubi wa Koboko aliyekuwa mkimbizi kama sisi, ndiye aliyemnyonyesha mdogo wangu Yohana. Kwa Wanubi maziwa ni undugu. Sasa binti yake anaolewa, na alimtaka Yohana aketi kwenye sinia la ndugu wa bibi harusi, Mama kando yake.

Tangu turudi, Mama alimwombea Bi Hawa kila Jumapili, lakini chakula chake hakukigusa. “Nimefunga,” husema, na watu humsifu kwa ucha Mungu. Mimi bintiye nilijua kuwa hafungi. Baba alichukuliwa na wanajeshi, na marehemu mume wa Bi Hawa alivaa magwanda yaleyale.

Jumamosi tuliondoka Arua juu ya lori la tumbaku. Mama alipakata kikapu cha viazi vya kuchemsha. Lo, nikasema moyoni, ameshafunga tena! Niliogopa kweli. Kumkatalia Bi Hawa chakula mbele ya wakwe zake ni kuukata undugu hadharani. Barabara ilikuwa vumbi tupu hadi Koboko.

Jumapili asubuhi tulikwenda kanisani kwanza. Mama alishiriki meza ya Bwana pamoja na wakulima wa kijiji cha Kuluba asiowajua, akanywa kikombe kimoja nao. Wenzake waliinuka, yeye akabaki amepiga magoti.

Mchana, kwa Bi Hawa, kawa la ukindu lilifunuliwa: kisra, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa nyama. Bi Hawa akauliza polepole, “Mama Yohana, leo pia iko funga?”

“Hapana,” Mama akasema. “Kwa nyumba yako mimi hapana funga hata siku moja. Mimi nalikuwa naogopa mkono yenu. Asubuhi Bwana nakunywesha mimi kikombe moja na watu mimi hapana jua. Sasa nitakataa aje mama ya mtoto yangu?”

Akanawa, akamega kisra, akala. Bi Hawa alimsogezea mnofu, macho yamemjaa machozi. Nilijivunia mama yangu kuliko siku zote za sifa zake za kufunga.

Jumatatu, kwenye lori la kurudi, abiria mmoja aliuliza kanzu mpya ya Yohana imetoka wapi.

“Huyu iko na mama wawili,” Mama akajibu, kwa sauti ya kusikika lori zima. “Mwenzangu iko Koboko.”