Neno Moja la Radi

Nyota wa roki akizeeka watu humcheka, akifa kijana humchora ukutani. Ndivyo dunia ilivyo na mimi nimeshachoka kubishana nayo. Radi alikufa kabla hajaota hata unywele mmoja mweupe, na leo watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wanavaa fulana zenye uso wake, wanashika sigara kama yeye, wanakwambia kwa uhakika kabisa kwamba wakali wa roki, wa hapa na wa ng'ambo, huondoka mapema. Huondoka. Utadhani walipanda basi. Radi alikutwa sakafuni katika chumba cha gesti, sindano pembeni, kiatu kimoja mguuni, na aliyeitwa kwenda kumtambua ni mama yake mzazi.

Habari hizo vijana hawazitaki. Walikuwa wakimfuata Wembe awasimulie mambo matamu, naye aliwafukuza kwa adabu mpaka wakamchoka.

Wembe ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa studio ambamo Radi na bendi yake walirekodi nyimbo zao zote. Jina hilo walimpa wao. Zama zile muziki ulinaswa kwenye mkanda mwembamba uliozunguka kwenye magurudumu mawili, na ukitaka kuondoa kitu uliukata mkanda wenyewe kwa wembe, kisha ukaziunga ncha kwa gundi. Mafundi wengine walikata walipolazimika. Huyu bwana alikata kila kisichokuwa muziki. Kikohozi, kicheko, mguno, mtu kusema "haya, tuanze", vyote viliishia kwenye ndoo ya taka. Radi alikuwa mtu wa porojo, hawezi kumaliza wimbo bila kumtania mpiga dramu, na porojo zake zote Wembe alizifagia siku ile ile. "Hapa studio, si kijiweni," ndio ulikuwa msemo wake. Na kazi yake ilisifiwa, tuseme ukweli. Mkanda ukitoka mikononi mwake ulianza na gitaa ukaisha na gitaa.

Studio ilipofungwa, alibeba mashine moja na maboksi ya mikanda ambayo hakuna mtu aliyeyataka, akafungua chumba cha kutengeneza redio na spika. Maboksi akayapanga nyumbani, chumbani, juu ya kabati. Mkewe alikuwa akisema kwamba maboksi yale yanatunzwa kuliko yeye, na hakuwa anatania sana.

Asubuhi moja mama yake Radi aliingia pale dukani ameshikwa mkono na binti yake, dada wa marehemu Radi, mshonaji wa sare za shule. Wembe alipomwona bibi yule mlangoni, roho ilimruka. Alitamani kujificha nyuma ya kaunta, mtu mzima na mvi zake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu. Sikio hili limeshakufa, na hili jingine linaaga."

Binti akaeleza. Daktari kasema hakuna dawa, ni suala la muda mfupi tu, litazimika kama mwenzake. Na mama ana ombi moja: kabla halijazimika, amsikie mwanawe.

Wembe akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu. Akawasha mashine, akamwekea wimbo ambao hata wauza mkaa wanaujua. Bibi akaweka kiganja kwenye spika, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu anayepiga kelele ni wenu. Wangu mimi alikuwa anazungumza. Nipe akizungumza, mwanangu. Hata akiomba kiberiti. Hata akimtukana mtu, sitakasirika."

Nyumbani kwa kina Radi hakukuwa na sauti yake popote, maana enzi hizo hakukuwa na simu za kurekodia, na kituo cha redio kilichowahi kumhoji Radi kilikuja kurekodi mpira juu ya mahojiano yale. Alikuwa amebaki Wembe peke yake.

"Nitatafuta, Mama."

Akatafuta kweli. Aliteremsha maboksi yote, akafunga duka, akaketi na hedfoni kichwani akipitisha mkanda mmoja baada ya mwingine. Safi. Na huu nao safi. Fundi gani huyu, akawa anajiuliza, asiyejisahau hata siku moja, asiyeumwa kichwa akaacha kazi nusu. Alitamani angekuwa mvivu. Kila dada mtu alipopita akitoka kushona, aliinamia dirisha na kuuliza, "Vipi, fundi?" Naye alijibu, "Bado, dada yangu." Dada mtu hakulalamika, ila siku moja alisema kwamba sasa akimwita mama inabidi amguse bega.

Chini kabisa ya boksi la mwisho ulikuwamo mkanda ulioota ukungu. Ulikuwa na wimbo ulioachwa njiani baada ya ngozi ya dramu kupasuka, na kwa kuwa haukuwa wa kutoka, hakuna aliyejisumbua kuusafisha. Wembe aliupangusa kwa pamba polepole, akijua ukikatika ndio basi tena. Akavaa hedfoni. Akasikia kiti kikiburutwa. Akasikia mtu akicheka. Halafu karibu kabisa na kipaza sauti, kwa sauti ya kukwaruza ya mtu ambaye hajalala, Radi akasema, "Mama akija, mwambieni sipo."

Mlango ukafunguliwa. Kwa mbali ikasikika sauti nyingine, ya upole na heshima zake zote: "Hayupo, Mama. Leo hajafika kabisa."

Sauti hiyo ilikuwa ya Wembe mwenyewe.

Alikuwa hajaisahau siku ile, alikuwa anajitia tu hamnazo. Bibi alikuwa amesimama nje na mfuko wa nguo safi. Alikuwa ametafuta kitanda hospitali, amepata, amekuja kumchukua mtoto wake akatibiwe. Ndani, mtoto mwenyewe alikuwa anatetemeka hata kamba ya gitaa haishikiki. Wembe alijiambia mambo ya watu na mama zao hayamhusu, kuna kazi ya kumaliza. "Basi akija mwambie nimepita," bibi akasema, akaacha mfuko. Wiki hiyo haikuisha, akaitwa gesti.

Wembe alimsimulia mkewe, mara ya kwanza tangu waoane.

"Mpelekee," mkewe akasema. "Ni sauti ya mwanawe."

"Nimpelekee maneno hayo?"

"Basi mwambie hukupata. Moja kati ya hayo mawili, mume wangu. Usitafute la tatu."

Angemsikiliza mkewe. Lakini mwenye nyundo kila kitu kwake ni msumari, na yeye alikuwa na wembe. Akaukata mkanda mara tu baada ya neno la kwanza, akalibakiza lenyewe tupu, "Mama". Kipande kilichobaki, chenye "akija, mwambieni sipo" na sauti yake mwenyewe, akakitia jikoni kwenye makaa mpaka kikawa donge. Alidhani amefanya wema. Na kosa hili asingelifanya mtu wa mtaani, lilihitaji fundi: alikuwa amezoea kukata maneno ili yatoweke, hakuwahi kulikata neno ili libaki. Neno ukilinyofoa kwenye sentensi linaning'inia. Sikio lolote linajua kuna jingine linakuja.

Akaibeba mashine mpaka kwa bibi. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, kiti na dirisha linalofunguka upande wa karakana ya mchomeleaji vyuma. Akamvisha hedfoni kwenye sikio lile linaloaga, akawasha.

Bibi alimjua hapo hapo. Mdomo ulimcheza, machozi yakamtoka bila kelele. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Rudia."

Wembe akarudia. Dada mtu alikuwa amegeukia ukuta. Wembe naye macho yalimlowa, na kwa muda kidogo alifurahi, masikini, alifurahi kweli.

"Mwache amalize," bibi akasema.

"Imeishia hapo, Mama."

"Hapana. Mtoto hakuiti halafu akanyamaza. Ana jambo. Ongeza sauti."

Akaongeza. Akaongeza tena mpaka neno likaanza kupasuka. Bibi alikunja uso, akabana hedfoni kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Kisha akayafungua, na usoni alikuwa na aibu, kama mgeni aliyeshindwa kuelewa anachoambiwa.

"Kosa ni la sikio langu. Yeye anaendelea kusema, mimi ndiye sisikii. Wewe una masikio mazima, mwanangu. Anasema nini?"

Ilimpasa Wembe aseme kweli, au aseme hajui. Alimtazama yule mama, akashindwa.

"Anasema, 'Mama, nakuja nyumbani.'"

"Eti?"

"Nakuja nyumbani. Anasema anakuja nyumbani." Alilazimika kupayuka mpaka mchomeleaji akazima mashine yake kusikiliza kuna nini. Bibi akalishika lile neno, akalirudia kimya kimya kwa midomo, akambusu Wembe mkono. Mkono ule ule uliokata mkanda.

Siku si nyingi, dada mtu akaja dukani. Safari hii hakuinamia dirisha, aliingia ndani.

"Fundi, umemfanya nini mama yangu?"

"Kwani vipi?"

"Anakaa kwenye benchi mlangoni toka kunapokucha. Anakula pale pale. Hataki nifunge mlango. Nikimwambia tuingie ndani, anasema mtoto kasema anakuja. Fundi, mama alijua kwamba kaka kafa. Alimzika kwa macho yake, alilia mpaka machozi yakamwisha, akazoea. Wewe umekuja kumfukua." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Njoo umwambie ulidanganya. Mimi haniamini."

Wembe akafunga duka, wakaenda. Bibi alikuwa pale pale benchini, kavaa nguo ya kutokea, kapaka mafuta usoni, macho barabarani. Wembe akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nilikudanganya. Hakusema hivyo."

Bibi akamtazama.

"Alisema tukwambie hayupo. Na alikuwepo, Mama. Alikuwa ndani, mimi ndiye nilikujibu pale mlangoni. Ungeingia ungemkuta." Alikuwa anapiga ukelele sasa, jasho na machozi vikimchuruzika. Wapita njia walisimama. Mchomeleaji alitoka nje, kioo cha uso mkononi. Mtaa mzima ulisikia alichokificha miaka yote ile, neno kwa neno.

Bibi alimwangalia midomo mpaka akamaliza. Halafu akagusa sikio lake, lile la pili, akatikisa kichwa polepole.

"Sipati kitu tena, mwanangu. Limezima leo hii." Akasogea kidogo, akapangusa nafasi pembeni yake kwa kiganja. "Keti. Najua na wewe ulimpenda. Tumsubiri pamoja."

Wembe akaketi.