Nani Atamwosha Aida

Bi Nunu wa Saltley, huko ughaibuni, ana machozi ya karibu, na anataka kila mtu ajue. Mzanzibari huyo akiona kwenye simu paka kavunjika mguu, basi! Analia mpaka mtandio unalowa, kisha anawatumia wenzake ile video ili nao walie. "Mie moyo wangu laini mno," husema. Laini! Ebo!

Wiki moja mwenzao Aida alifariki kule mtaa wa Erdington. Mazishi yalipangwa Ijumaa, na waoshaji maiti wa kike msikitini ni wawili tu: Bi Nunu, na Fardowsa, Msomali aliyekulia Nairobi. Raisa, binti wa marehemu, akaja mlangoni kwa Bi Nunu macho yamemvimba.

"Bi Nunu, nakuomba, mwosheni mama."

Bi Nunu akamkumbatia, akalia kuliko mfiwa. Kisha akasema, "Uchungu wako naujua, mwanangu. Lakini mamako kamwacha mumewe, kakaa na mwanamume mwingine, huyo Davinder, bila ndoa. Dhamiri yangu hainiruhusu."

Ati dhamiri! Ilikuwa wapi kila Ramadhani, alipokuwa akila sambusa za huyo huyo Aida na kuomba za kubeba?

Jioni Fardowsa akampigia simu. "Nunu, umekuwa mjinga ama? Hata mimi nilimwambia Aida anakosea. Tulikosana, hatukuongea tena. Lakini huyo sasa ni maiti, anataka maji tu."

"Wewe huna huruma. Hujamlilia hata chozi."

"Hiyo huruma ya macho kaa nayo."

Ijumaa Fardowsa alimwosha Aida. Kwa kukosa mwenzake, aliyemshika mama na kumgeuza ni Raisa mwenyewe.

Bi Nunu naye akaja msibani na sufuria la pilau, akaangua kilio. Hakuna aliyemnyamazisha. Wanawake walisogea mbali naye, akabaki peke yake kwenye mkeka na pilau lake. Hapo ndipo hofu ilipomshika, maana naye umri umekwenda, na mwoshaji aliyebaki ni mmoja. Akamfuata Fardowsa jikoni.

"Na mie siku yangu ikifika? Utaniosha?"

Fardowsa alimtazama juu mpaka chini, kama samaki aliyelala sokoni tangu jana.

"Nitakuosha, Nunu," akasema. "Ila usitarajie nilie."