Kocha Aliyebeba Lawama Zote

Kila Jumamosi jioni, baada ya timu ya futiboli ya chuo chetu kuadhibiwa na waamuzi kwa namna mpya, au kwa namna ya zamani iliyoboreshwa, kocha wake alisimama mbele ya vipaza sauti, akavua kofia, akasema: "Lawama zote ni zangu. Zinaanzia kwangu na zinaishia kwangu." Kisha akaivaa kofia yake na kwenda kula. Nimesoma maandishi mengi ya kale yanayohusu watawala na makosa yao, na ninaweza kusema bila kusitasita kwamba sijakutana na ungamo lililo kamili kuliko hilo, wala lililomgharimu mwenyewe kidogo kuliko hilo.

Mimi hufundisha historia ya kale katika chuo kilicho karibu na Arlington, Texas, na makazi yangu ni Mansfield, mahali ambapo mtu anayetembea kwa miguu husimamishwa na majirani wenye huruma wakitaka kujua gari lake limepatwa na nini. Futiboli ya Kimarekani haikunihusu hata kidogo mpaka nilipoingizwa katika kamati ya chuo inayosimamia nidhamu ya wanamichezo. Nilichaguliwa kwa kauli moja katika kikao ambacho sikuhudhuria, na nadhani kutohudhuria ndiko kulikokuwa sifa yangu kuu.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuutazama mchezo huo, yatosha kujua jambo moja. Mchezaji anayeanza mbio kabla ya mpira kuondoka, anayemshika mpinzani jezi, au anayemwangusha mtu baada ya filimbi kulia, humfanya mwamuzi atupe nyasini kitambaa cha njano, na timu yake husogezwa nyuma. Timu yetu ilisogezwa nyuma mara nyingi mno, hata mwenzangu mmoja wa idara ya jiografia alidai kuwa vijana wetu wanaujua uwanja vizuri zaidi kinyumenyume.

Siku ya Jumatatu adhabu hizo zililipwa. Dirisha la ofisi yangu linatazama uwanja wa mazoezi, kwa hiyo nilishuhudia utaratibu huo bila kutaka. Wachezaji wote waliuzunguka uwanja wakikimbia, mzunguko mmoja kwa kila kitambaa kilichotupwa Jumamosi, katika joto la Texas ambalo huwa halina habari kwamba Septemba imekwisha. Yule aliyebeba lawama zote aliketi katika kigari cha umeme chenye paa, na gilasi ya maji ya barafu mkononi, akiwahimiza waongeze mwendo.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana mmoja, mpana wa mabega na mpole wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kama ukuta mbele ya mwenzake anayerusha mpira. Alizaliwa mashariki mwa Kongo, akaletwa Houston akiwa mdogo, na mama yake alikuwa akiishi bado katika nyumba za kupanga za mtaa wa Sharpstown huko huko, akifanya kazi kiwandani. Kijana alisoma kwa ufadhili aliopewa kwa sababu ya mchezo. Bila ufadhili huo asingekuwa na chuo, na mama yake hakuwa na njia nyingine ya kumsomesha. Jambo hilo alilijua kila mtu, na kocha alilijua kuliko wote.

Timu ilipokwenda kucheza Houston, kamati ilinituma niiwakilishe. Jukwaani nilimkuta mama yake, amezungukwa na watu wa kanisa lake waliojaza safu nzima, na vyombo vya bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, vikipita juu ya vichwa vya Wamarekani waliokuwa wakila soseji. Kijana alikuwa amemweleza kwamba chuoni kuna mwalimu Mtanzania. Nilipowasalimu kwa Kiswahili, walinipa kiti, sahani na kazi ya kueleza mchezo.

"Mwalimu, ile kitambaa ya manjano ni ya nani?" aliuliza mama.

"Ni ya mwamuzi, mama."

"Sasa anaitupa juu ya nini? Hana mufuko?"

"Anaitupa kwa sababu ameona kosa."

Akavihesabu kwa kidole vilivyokwisha kutupwa. "Basi angekuja na zingine. Hizi zitamuishia."

Dakika za mwisho vijana wetu waliufikisha mpira kwenye mstari wa ushindi, na safu yetu yote ikasimama na sahani zake. Kitambaa kilikuwa kimelala nyasini. Mwana wa mama huyo alikuwa amemshika mpinzani jezi. Alama zikafutwa, mchezo ukaisha, tukashindwa. Baadaye, karibu na lango, kocha alivua kofia mbele ya kamera na kuyasema maneno yake.

"Anasema nini?" aliuliza mama.

"Anasema lawama zote ni zake."

"Zote?"

"Zote, mama."

Alimgeukia shemasi wa kanisa lao, mzee mwembamba aendeshaye mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala moja. Shemasi aliinamisha kichwa kwa heshima. "Huyu ni mutu muzima," akasema. "Amekubali mbele ya batu. Atakaa lini?"

"Atakaa wapi, shemasi?"

Wakatabasamu kama watu wanavyomtabasamia msomi aliyekaa ugenini muda mrefu.

Jibu nililipata siku chache baadaye. Kocha alitangaza kwamba, ili kurudisha nidhamu, amemsimamisha yule kijana, na akaiomba kamati yetu imwondolee ufadhili ili awe mfano kwa wengine. Jioni hiyo mama akanipigia simu.

"Mwalimu, banafukuza mutoto wangu."

"Bado, mama. Kamati itakaa Ijumaa."

"Lakini kosa si ilikuwa ya kocha? Wewe mwenyewe ulinitafsiria."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi haiwezi kuwa ya batu babili. Tunakuja kumukalisha."

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuwa desturi hiyo nilikwisha kuiona hapa hapa Arlington. Katika harusi moja ya Wakongo, wali uliungua. Mwenyekiti wa kamati ya chakula alisimama akasema kosa ni lake. Kwa Wamarekani, habari ingeishia kwenye makofi. Kwa wale waliokuwapo, habari ndiyo kwanza ilianza: waliweka kiti mbele ya watu, akakaa, akaulizwa kwa adabu atafanya nini, na hakuinuka mpaka alipoahidi kuupika kwa mikono yake wali wa harusi iliyofuata. Akaupika. Wapishi waliouunguza hawakuguswa na yeyote, maana kosa lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe. Mtu analolichukua hadharani huwa ni lake, pamoja na kazi inayokwenda nalo.

Nilimweleza mwenyekiti wa kamati yetu, profesa wa kemia, mwanamke asemaye polepole. Akaruhusu wazazi wasikilizwe, na akaamua kwamba mimi nitatafsiri, kwa hiyo sitapiga kura. Niliona uamuzi huo ni sahihi, nami nilifarijika kuliko ninavyopenda kukiri.

Ijumaa wakafika kutoka Houston kwa basi dogo la kanisa, mama na shemasi, wamevaa nguo za Jumapili. Kocha naye alikuja akiwa mchangamfu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa tu kwamba ujumbe wa wazazi umevutiwa na maneno yake. Kijana aliketi pembeni ya mama yake, mikono katikati ya magoti. Shemasi alisali, akashukuru safari, kisha akaweka kiti kimoja katikati ya chumba na kumwonyesha kocha kwa mkono wa ukarimu. Kocha akakaa, akitabasamu.

"Papa kocha," alianza shemasi, nami nikawa natafsiri, "tumekuja kukushukuru. Bakubwa wengi banakataa makosa yao. Wewe ulichukua."

"Lawama zote ni zangu," alisema kocha. "Zinaanzia kwangu na zinaishia kwangu."

"Asante. Sasa utafanya nini?"

Nilitafsiri swali hilo, na kocha akanitazama kana kwamba ni mimi niliyelitunga.

"Nitajitazama kwenye kioo," akasema.

"Ni vizuri," alisema shemasi. "Ukimaliza kujitazama?"

"Tutarudi kwenye misingi. Tutaujenga upya utamaduni wa timu."

"Nani ataujenga?"

"Sote. Wachezaji, makocha, sote kwa pamoja."

"Sasa tumekuwa sote," alisema shemasi kwa upole. "Jumamosi ulikuwa peke yako."

Mwenyekiti aliandika kitu, ingawa nilipochungulia niliona amechora mstari tu. Kocha alikumbusha kwamba aliyeshika jezi si yeye, na kwamba kila mtu lazima awajibike. Ndipo kijana aliposema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nami nikamtafsiria mama.

"Mama, nilimshika kweli. Lakini mazoezini tukishika tunasifiwa. Hakuna anayepiga filimbi. Kocha hutuambia mwamuzi ana macho mawili tu."

"Huo ni uchu wa ushindi," alisema kocha. "Si kitu kimoja na kuvunja sheria."

"Na mukiadhibiwa?" mama alimwuliza mwanawe.

"Tunakimbia."

"Nani anakimbia?"

"Sisi."

Mama alimgeukia kocha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema naye moja kwa moja. Sauti yake haikupanda. "Papa, kama kosa ni yako, juu ya nini batoto ndiyo banakimbia?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Katika kazi yangu nimejadili kwa miaka mingi tofauti iliyopo kati ya kukiri, kuwajibika na kuadhibiwa, na nimeandika juu yake kurasa ambazo wanafunzi wangu huzisoma kwa uvumilivu. Kocha alipolisikia swali hilo alilitazama dari, akaitazama kofia yake, kisha akasema kwamba maneno yale ya Jumamosi ni maneno ya uongozi.

"Naelewa," alisema mwenyekiti. "Yana maana gani?"

"Ni maneno ambayo kiongozi huyasema."

"Hilo nimelisikia. Naomba nieleweshwe kabla sijapiga kura juu ya ufadhili wa kijana huyu. Kama yana maana, sioni tunamwadhibu kwa kosa la nani. Kama hayana, ningependa uyaeleze hivyo kwa kamati, nasi tutayaandika."

Kocha, ambaye alikuwa akilipwa pia kwa ajili ya sura yake katika matangazo ya chuo, hakutaka maneno hayo yaandikwe, akaanza kuizungusha kofia mikononi. Shemasi, aliyedhani huyo ni mtu anayetafuta namna ya kutengeneza mambo, akamsaidia.

"Akimbie yeye. Jumatatu."

"Nina magoti mabovu," alisema kocha.

"Basi atembee," alisema mama. "Hatuna haraka."

Ikakubaliwa hivyo. Kijana angekaa nje mchezo mmoja, jambo ambalo mama aliliunga mkono bila kuulizwa, akisema jezi ya watu haishikwi. Ufadhili wake haungeguswa. Filimbi ingepigwa mazoezini. Na kocha angeuzunguka uwanja kwa idadi ya vitambaa vya Houston. Shemasi alimshika mkono, akamwinua kitini kwa heshima zote, akamwambia kwamba sasa wao ni ndugu. Nililitafsiri hilo pia, na kocha akashukuru kwa namna ya mtu anayeuliza mlango uko wapi.

Jumamosi ile hatukuwa na mchezo. Jumatatu nikakaa dirishani. Kocha alitembea. Nyuma yake kigari cha umeme kilimfuata polepole, kikiendeshwa na msaidizi wake aliyeshika yale maji ya barafu, na mbele yake alitangulia mpiga picha wa chuo akirudi kinyumenyume, jambo ambalo katika uwanja ule halikumshangaza mtu. Kesho yake picha ilitoka katika tovuti ya chuo chini ya maneno "Uongozi kwa Vitendo", pamoja na maelezo kwamba wazo hilo lilimjia kocha mwenyewe katika tafakuri zake. Nilimtumia mama picha hiyo, nikimweleza maelezo hayo kwa ghadhabu ambayo sasa naona ilikuwa ya kitaaluma tu.

"Lakini alitembea?" aliniuliza.

"Alitembea."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi imeisha."

Kabla ya juma kwisha alimtuma mwanawe na bakuli la sombe ampelekee kocha, kwa kuwa shauri la namna hiyo hufungwa kwa chakula. Kocha alinipigia kuuliza kama kanuni za chuo zinamlazimu kulitangaza kuwa zawadi. Nikamshauri alipeleke swali hilo kwenye kamati.

Tulicheza tena nyumbani Jumamosi iliyofuata. Filimbi za mazoezini zilikuwa bado changa na vitambaa vya njano vilianguka kama kawaida, ingawa kimoja au viwili nilihisi vimepungua. Kijana alitazama mchezo akiwa amekaa benchi, daftari zake za masomo zimo katika mkoba miguuni pake. Tukashindwa. Kocha alisimama mbele ya vipaza sauti, akavua kofia, akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akatazama upande wa jukwaa, akaanza upya.

Sikuwa nimefika hata kwenye gari simu ikalia. Ilikuwa Houston.

"Mwalimu, tumeona ku televisheni. Leo anasema kosa ni ya nani?"

"Anasema ni ya upepo, mama."

Nikamsikia akimpa shemasi habari hiyo, na shemasi akijibu kitu kwa mbali. Kisha mama akarudi kwenye simu, sauti yake ikiwa na masikitiko ya kweli.

"Basi hatutakuja. Upepo hatuwezi kuukalisha."