Kofia ya Baba Msibani

Nilizaliwa Kipawa, nyuma ya duka la baba, na nilijua kutukana kwa Kiswahili kabla sijajua kuomba maji kwa Kikachi, lugha ya bibi yangu. Lakini mpaka nafika kidato cha nne, watu waliniuliza, "Kwenu hasa wapi?" Nikisema hapa hapa, wanacheka. Nikisema Uhindini, nadanganya, sijawahi kufika. Soko huria lilipoingia wakatuita magabacholi, Wahindi wanaofyonza uchumi wa nchi. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Baba alipofariki, jirani yetu, mama wa Kizaramo anayeuza vitumbua, aliingia msibani amevaa kofia ya baba na kalamu sikioni. Akapita katikati ya waombolezaji akifoka vilevile kama marehemu: "Kama hununui, usipapase!"

Wajomba zangu walitaka kumtoa nje. Mie nilijua anachofanya. Mtani ndiye anayemwigiza marehemu msibani, ili wafiwa wacheke kidogo. Ila utani ni wa makabila, Mzaramo na Mnyamwezi. Sikuwahi kusikia Mhindi akapata mtani.

"Mwacheni," nikasema, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Baada ya arobaini tulifungua duka. Mteja mmoja mgeni akaegemea kaunta. "Sista, kwenu hasa wapi?"

Nikafumba macho. Yule mama alikuwa nyuma yake, anasubiri unga wake.

"Muache mtani wangu," alisema. "Kafiwa."