Ndeke Aliyemuua Papa

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, hata leo, namwona baba akivua shati mlangoni. Alikuwa fundi wa ndege za jeshi, na mafuta ya ndege hizo yalinuka vilevile. Alikuja nyumbani Likasi mara mojamoja, miaka ile Zaire ilipokuwa inakwisha na mshahara umebaki hadithi. Mama alilifua lile shati mpaka mikono ikachubuka, harufu ikabaki palepale.

Baba hakusema ndege. Alisema "avion," kwa Kifaransa, tena kwa madaha kidogo. Basi avion niliijua. Ndeke kwangu alikuwa yule mdogo wa mabawa, mwizi wa mihogo aliyoianika mama uani. Kwamba Likasi nzima iliita vyote viwili ndeke, sikuwa na habari. Nilikuwa binti wa miaka mitano, mjuaji kupindukia.

Mchana mmoja shangazi, dada yake baba, aliingia uani analia, kichwa wazi, akamwita mama dada mkubwa kama alivyozoea.

"Yaya! Ndeke imeua papa ya batoto!"

Nilisikia vizuri kabisa: ndeke kamuua baba.

Ndege ya jeshi ilikuwa imeanguka porini, ng'ambo ya mto Lufira, na hakupona mtu. Wengine walisema injini ilikuwa kuukuu, wengine mzigo ulizidi, na waombaji wa kanisani kwetu wakasema ni uchawi. Wakubwa wa jeshi hawakusema neno.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Kila asubuhi nilijaza mawe kwenye gauni langu, nikawapiga ndeke wa uani. Shangazi alipotaka kunizuia, mama alimwambia tu, "Umuache."

Siku moja mama aliinuka kwenye mkeka wake, akachukua jiwe mkononi mwangu, akalivurumisha hadi likagonga bati la jirani.

"Juu ya nini?" alipiga kelele, akidai sababu. "Museme! Juu ya nini?"

Ndeke wakaruka wote. Nilishangilia, nikamwokotea jiwe jingine, na jingine, mpaka akaketi chini kwenye vumbi akalia kwa sauti.

Nilidhani tumeshinda. Nilishakuwa mtu mzima, mama naye yuko kaburini, ndipo nilipoelewa. Alijua fika kwamba wale ndege hawakuwa na kosa. Lakini mtu wa kumuuliza hakumpata, siku ile wala baadaye. Nyumbani mwetu mimi peke yangu ndimi niliyekuwa na adui, na asubuhi ile nilimwazima mama adui wangu.