Jino Lililoonekana Kwanza

Mtu wa kwanza kuniogopa alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, nami wakati huo hata kutambaa sijui. Jina lake sitaliandika. Waliobaki Tezo wanamjua, na yeye mwenyewe huko aliko chini ya mchanga anajijua.

Nilizaliwa mdomo wangu wa juu umepasuka upande wa kushoto mpaka chini ya pua, na ufizi nao una ufa. Mdomo sungura, ndivyo watu waitavyo. Hilo peke yake lisingenitia taabuni sana. Watu wangecheka, mwisho wangechoka. Lakini mdomo uliopasuka hauna pazia. Siku moja mama alikwenda kisimani akaniacha kwa shangazi, na shangazi akaona kitu cheupe kule juu penye ule ufa, kama punje ya mchele. Naambiwa alinibwaga mkekani kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Kwetu, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini ni kijego. Si kwamba anaroga. Ni mkosi tu anaozaliwa nao, na watoto wachanga walio karibu naye hawadumu. Wazee walisema zamani kijego hakuachwa akakua. Enzi zangu serikali ilikuwapo, hawakuthubutu. Walikuacha ukue, wakawa wanakutazama.

Mwezi ule ule mtoto wa shangazi aliyekuwa akinyonya alipata homa akafa. Basi, kesi ikaisha hapo. Hakuna aliyeinamia kunivuta mdomo wa chini atazame huko kuna nini. Ya nini? La juu lilionekana toka mlangoni.

Nikakulia katika hukumu hiyo. Bakuli langu lilikuwa kifuu cha nazi, kikikaa peke yake juu ya kichanja. Mwanamke akijifungua pale kwetu, mimi nilihamishiwa jikoni, kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, mpaka arobaini yake iishe. Mama alizaa wawili baada yangu, wote wakafa wachanga. Sikuambiwa kitu. Niliona tu watu wakitoka mazikoni wakipita mbali nami, kama unavyopita mbali na ng'ombe usiyemjua.

Waliokuwa wakinitania sikuwaogopa sana. Watoto njiani waliniimbia, "Sungura, funga mlango, nzi waingia!" nami nikawarushia mawe. Niliyemuogopa ni mimi mwenyewe. Kuku akitotoa, nilijifunga leso mdomoni nisiwapumulie vifaranga. Kifaranga akichukuliwa na mwewe, nilijua ni mimi niliyemwita yule mwewe. Nikikutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, niliingia msituni nikasimama nyuma ya mkorosho mpaka nyayo zake zipotee. Mtoto wa miaka saba, minane, anajificha asiue mtu. Wazia hilo.

Mwalimu wa darasa la tatu namtaja pia, kwa kazi yake. Alikuwa mtu aliyesoma, ana saa mkononi, anatufundisha afya na usafi. Mkewe alikuwa mja mzito, na saa ya mapumziko alimletea chai darasani. Siku moja yule mwalimu alinihamisha dawati, akaniweka nyuma, nimegeukia ukuta. "We tulia hapo. Mama akija, usigeuke." Wenzangu wakacheka. Nikatulia. Nikautazama ule ukuta muhula mzima, na mkewe akiingia nilikuwa nabana pumzi. Alijifungua salama, lakini mimi sikurudi tena shuleni. Nilikuwa nimeshajifunza kilichokuwa kikifundishwa.

Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi Marereni, akija nyumbani mwisho wa mwezi, nyayo zimechanika kwa chumvi. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, mimi nina kama miaka kumi na miwili, alikuja kabla ya siku zake. Alikuta wanawake wamekaa uwanjani wakimenya muhogo, mama akiwa miongoni mwao na tumbo limeshashuka. Hata maji hakunywa.

"Jumatatu namchukua huyu," akasema, akinionyesha mimi.

Shangazi hakuinua kichwa. "Wampeleka wapi?"

"Malindi, hospitali. Kuna madaktari waja kushona watoto wenye midomo kama hii. Na hawataki kitu."

"Wamshone nini?"

"Dada, si wauona huo mdomo?"

"Nauona. Ndiyo salama yangu hiyo, kuwa nauona." Akatupa muhogo kwenye maji. "Mbwa mwenye kichaa, kaka, ukimfuta povu ndiyo amepona? Au umewaponza watu, wasijue wa kumkimbia?"

Wanawake wawili wakacheka puani. Baba akasema, "Huyu ni mwanangu, si mbwa."

"Nami nilikuwa na wangu," shangazi akasema, na pale kicheko kikakatika. "Mungu ameacha mlango wazi tuone kilichomo. Weye ufunge, kibaki na sisi humu ndani. Na mkeo huyo tumbo hilo hapo. Haya, nenda."

Mama alikuwa akimenya. Alimenya mpaka muhogo ukawa mwembamba mkononi.

Maneno ya shangazi yaliniingia kuliko ya baba. Niliutaka mdomo mzima, Mungu ndiye shahidi. Nilikuwa nikibana ule ufa kwa vidole mbele ya ndoo ya maji, nijione. Lakini kama kweli kilichomo ndani kilikuwa kikitokea pale, na pakashonwa, je, kitatokea wapi?

Mama akajifungua kabla ya hiyo Jumatatu. Mtoto wa kiume. Nilimsikia akilia nikiwa jikoni, nikakunja leso mara tatu nikaifunga mdomoni, nikageuza uso kwenye makuti. Kila alipolia nilishukuru. Kila aliponyamaza niliganda, nikingoja kusikia kilio cha watu wazima.

Siku ya safari ilipofika, baba akaja na shati safi. Nikashika nguzo ya jikoni kwa mikono miwili.

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Mkinishona atakufa."

Baba alinitazama. Nafikiri ndiyo siku alipojua nilivyokuwa nikiishi. Mtu wa mwisho wa mwezi huona watoto wamekua tu, haoni kingine. Akaingia kwa mama, nikasikia sauti zao, yake kali, ya mama ndogo. Akatoka, akaniambia niingie ndani. Ndani, kwenye nyumba yenye mzazi! Niliingia kinyumenyume.

"Geuka," mama akasema.

"Sigeuki, mama."

"Geuka, nakwambia. Hakuna mtu hapo nje?"

"Baba tu, na yuko mbali."

Akashusha sauti. "La chini ndilo lililotangulia."

Sikuelewa.

"Jino lako. La chini lilikuwa limetoka zamani. Ulikuwa ukininyonya, ukiniuma nalo, nami nauma leso nisipige kelele. Wifi yangu aliona la juu kwa kuwa la juu halikuwa na pa kujificha."

"Mbona hukusema?"

Akamweka mtoto vizuri kwenye titi. "Nilikuwa mgeni hapa, miaka miwili haijaisha tangu niolewe. Na yeye amefiwa. Nimwambie nini, mwanao amekufa burebure?"

"Na sasa utasema?"

"Sasa nenda ukashonwe. Haya yabaki humu."

Hivyo ndivyo nilivyopewa habari ya kuwa mimi si muuaji, kama mtu anavyopewa kipande cha nyama cha kuficha mfukoni. Hasira ilinijia baadaye, nilipokuwa mkubwa, na mpaka leo haijaondoka. Siku ile sikukasirika. Niliogopa tu kwamba mama anasema uongo ili niende.

Hospitali yenyewe sina la kuilaumu. Walinilaza, wakanidunga, nikaamka uso umevimba. Mama mmoja kitanda cha pili akasema, "Mashallah, binti, umekuwa mtu mwingine." Wenzangu walioshonwa waligombea kioo. Mimi kitu cha kwanza nilichokifanya ni kubana midomo, juu na chini, nikaona imekutana. Imekutana kabisa, hata upepo haupiti. Nikashikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Mlango umefungwa, nikajiambia, nacho kimo humu. Nikawa nalala kidole kimoja kikiwa kati ya midomo, niache upenyo.

Nesi akakiondoa. "Binti, utafumua nyuzi."

Nikakirudisha. Akakiondoa tena, akanifunga mkono kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda, polepole, akidhani ni utoto.

Tuliporudi Tezo, nyuzi zikiwa bado mdomoni, uwanja ulikuwa umejaa watu na hapana aliyekuja kutupokea. Mtoto alikuwa na homa. Mama amekaa kizingitini, amempakata, na mtoto analegea shingo. Baba akamgusa kipaji cha uso, akatoka mbio kutafuta baiskeli ya kumpeleka zahanati. Nikabaki peke yangu mbele yao wote.

"Niliwaambia," shangazi akasema. "Si niliwaambia?"

Alikuwa na wembe. Ule wa kumnyolea mtoto nywele za tumboni, ulikuwa umewekwa tayari kwa siku yake. Akaja nao, wala hakuwa na haraka, akizungumza nami kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Njoo, mayo, mwanangu. Uzi ni uzi tu. Nitafumua mwenyewe, hutasikia uchungu. Wamtaka nduguyo apone au humtaki?"

Namtaka. Ndivyo nilivyotaka kujibu. Na nawaambia ukweli, mguu wangu mmoja ulikwisha kwenda kwake. Kama kufumuliwa kungemponya yule mtoto, ningekaa chini nikatoa uso. Kilichonizuia ni lile jino la chini.

"Mama," nikasema. "Mama, sema."

Watu wote wakamgeukia. Shangazi naye akasimama. "Aseme nini?"

"Alilonambia. La jino. Kuwa la chini ndilo lililotangulia, likimuuma."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu, na mdomo mpya ulikuwa ukiniwasha. Mama akamtazama mtoto. Akamtazama wifi yake, na wembe mkononi mwa wifi yake. Sijui aliona nini pale. Labda alimuona yule mtoto mwingine, aliyezikwa.

"Mambo ya meno mimi siyakumbuki," akasema.

Shangazi akaguna. "Ona. Ameshonwa leo, leo amejua kusingizia."

Nikakimbia. Nilipita katikati ya muhogo, mashina yakinichapa miguu, nimefunika mdomo kwa viganja vyote viwili, sijui nauzuia usifumuliwe au nazuia kisitoke. Nikalala kifudifudi kwenye tuta. Kila sauti ya mwanamke niliyoisikia mjini, kule nyumbani kwetu, nilidhani ndiyo kilio chenyewe.

Baba aliwabeba kwa baiskeli, mama nyuma amempakata mtoto. Ilikuwa malaria, wakamdunga sindano, na ilipofika magharibi alikuwa akinyonya. Alipona. Yuko hai mpaka leo, ana mji wake na watoto. Lakini hata kupona kwake nilinyang'anywa, kwa kuwa shangazi alipita nyumba hadi nyumba akisema, "Mmeona? Kijego alipotoka tu mjini kwetu, homa ikashuka." Akaaminiwa. Mama alisikia, akawa anapepeta mchele.

Baba hakugombana na mtu. Hiyo ndiyo kasoro yake, naiandika kama nilivyoandika za wengine: hakuweza kugombana na dada yake. Alichoweza ni kufungasha nguo zangu, akanichukua Marereni.

Huko tulikaa kwenye vibanda vya vibarua, na watu walikuwa wa kila mahali, wa Vitengeni, wa Malindi, wa ng'ambo ya Sabaki. Upepo wa chumvi uliuma kovu mpaka machozi yakatoka. Hakuna aliyeniuliza lolote. Waliona kovu tu, na kovu kule kila mtu alikuwa nalo lake.

Siku moja asubuhi nilikuwa mlangoni nikichambua mchele. Jirani, mwanamke kijana ambaye hata jina langu alikuwa hajalishika, akaja mbio na ndoo, mtoto wake begani. Gari la maji lilikuwa limefika na foleni imeshakuwa ndefu.

"Nishikie huyu, dada. Naja sasa hivi."

Akaniwekea mapajani, akaenda. Hakungoja nimjibu.

Alikuwa wa miezi michache, mzito, amelowa jasho shingoni. Sikuwahi kumshika mtoto mchanga maishani mwangu. Nilimshika kwa mikono iliyonyooka, nimemweka mbali na kifua, uso nimeugeuza pembeni. Nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma, nikapumua kidogo kwa pua, nikabana tena. Yeye akakamata ncha ya leso yangu, akaivuta, akaitia mdomoni. Nikajiambia, Mungu, huyu hajui. Mamake hajui. Sikuita mtu. Sikumweka chini. Nilikaa vile vile, jasho likinitiririka mgongoni, na yeye akitafuna leso.

Mamake alirudi, ndoo kichwani. Akaitua, akamchukua mtoto, akambusu shavu, kisha akanitazama.

"Mbona watetemeka?"

"Jua," nikasema.

"Ah, jua la hapa. Utazoea." Akamfunga mtoto mgongoni. "Kesho nitakuletea tena, eh? Foleni ile si ya kwenda na mtoto."

Nikaitikia kwa kichwa. Siku ile nzima nilikuwa nikitoka nje kila mara, nikisikiliza kule kibandani kwake.